Kuku Anayelishwa na Ploti Nzima

Hotuba kwa wakazi wa Gatwekera, Wadi ya Sarang'ombe



Katika ploti nyingi za hapa yupo kuku ambaye watoto wamempa jina. Huyo hachinjwi hata Krismasi. Asubuhi jirani mmoja humtupia kipande cha mandazi, mchana mwingine chipsi zilizobaki, jioni wa tatu ugali, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake aliyempa. Halafu siku moja anakutwa amejikunja kando ya mtungi, manyoya yamesimama, anaharisha maji. Hapo ndipo majirani huanza kushukiana: nani ametega sumu?

Mara nyingi hakuna aliyetega chochote. Kuku hana meno. Chakula hukaa kwanza kwenye gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo, kisha husagwa ndani ya firigisi kwa vijiwe alivyovimeza. Mandazi, chapati na mkate vikilowa ndani ya gole huwa donge lisilopita. Donge likilala huchacha, na mdomo wa kuku hunuka. Kuku wa ploti iliyosakafiwa kwa saruji huumia zaidi, kwani hana changarawe ya kudonoa. Amwekewe kwenye kopo. Chipsi nazo zina chumvi: kuku hunywa maji kupita kiasi na kinyesi huwa majimaji.

Kipimo hakihitaji pesa. Gole liguswe alfajiri kabla kuku hajala. Lililo sawa huwa tupu. Likiwa gumu kama mpira, au likitikisika kama puto la maji, limeziba. Anyimwe chakula kwa saa chache lakini si maji, na gole lisuguliwe polepole kwa vidole. Asishikwe kichwa chini akakamuliwa, kwa sababu yanayotoka yanaweza kuingia mapafuni na kumuua. Asipopata nafuu kufikia kesho yake, aitwe afisa wa mifugo.

Lakini hatari kubwa kuliko chipsi iko kwenye ungo. Mama anapochambua githeri mlangoni, punje mbovu huenda kwa kuku, na huonekana ni kubana matumizi. Maharagwe ambayo hayajapikwa yana sumu inayoondoka yakichemshwa vizuri tu. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu wa aflatoksini yaliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Kuku anayeyadonoa huharibika ini na kupunguza kutaga, na sehemu ya sumu hiyo inaweza kupita hadi kwenye yai, ambalo huliwa na mtoto yuleyule aliyempa kuku jina. Ganda na kokwa la parachichi navyo wasipewe.

Kosa lingine ni kumpa kuku nusu ya kidonge cha binadamu kilichobaki nyumbani. Dawa ya kuua bakteria haiyeyushi donge la mandazi, na mabaki yake huingia kwenye mayai.

Si kila kuhara ni kwa chakula, hata hivyo. Kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda na kupumua kwa shida ni dalili za kideri, na kideri humaliza kuku wa ploti nzima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga, huashiria koksidiosisi. Kuku hao watengwe, wasiuzwe wala kuchinjwa kwa haraka, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe siku hiyohiyo. Tangu 2015 Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini na ufugaji umo ndani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuona haya kumuuliza afisa habari za kuku mmoja.

Kuhusu kiasi: kuku mkubwa hula takriban gramu 120 kwa siku. Mabaki ya mezani yasizidi sehemu moja ya kumi, yaani kama kijiko kimoja cha chakula, tena baada ya kula chakula chake. Kijiko hicho ni cha ploti nzima, si cha kila mlango. Ploti moja inaweza kuweka kopo moja la mabaki na kumwachia mtoto mmoja kazi ya kulisha.

Mahindi yenye ukungu yafungwe kwenye mfuko pamoja na taka. Yakitupwa mtaroni, kuku wa ploti ya chini watayafikia kabla ya jioni.