Malalamiko ya Mfungwa na Daftari la Barua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Shinyanga)



Habari niliyoichagua si ya mishahara wala ya nyumba, bali ni ya mtu aliye gerezani au rumande: akidhulumiwa, malalamiko yake hupita njia gani?

Siku moja mzee mmoja kutoka upande wa Geita alisimama dirishani pangu. Mwanawe alikuwa mahabusu, naye alikuwa ameandika barua kulalamika kwamba amepigwa. Nikafungua daftari la barua zilizoingia, nikatazama miezi mitatu, barua haikuwamo. Nikamwambia, "Baba, barua hiyo hatukuipokea." Akaniuliza, "Mwanangu, sasa aliyeipokea ni nani?" Sikuwa na jibu.

Nchi hii ya Usukuma imekwisha kuona madhara ya jambo hili. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (nayo Geita wakati huo ilikuwa ndani ya Mwanza), polisi na watu wa usalama walikamata watu wengi kwa kuwashuku kuwa wamewaua wazee waliodhaniwa wachawi. Shabaha ilikuwa njema, maana wazee wale walihitaji ulinzi. Walakini waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa waliowashika. Mwezi wa Januari 1977 Bwana Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu, pamoja na waziri mwenzake na wakuu wa mikoa yote miwili. Bwana Mwinyi hakumpiga mtu. Alikubali kwamba waliopiga walikuwa chini yake. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa mahakamani.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Wakati ule Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilikwisha kuwapo tangu 1966, kazi yake kuwasikiliza raia walioonewa na wenye mamlaka. Na kwa walio magerezani, Sheria ya Magereza ya 1967 ilikwisha kuweka majaji na mahakimu kuwa wakaguzi. Mlango ulikuwapo, lakini mtu aliyefungiwa hana miguu ya kuufikia. Kalamu huiomba kwa askari, barua humpa askari, na pengine askari huyo ndiye anayelalamikiwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hata mkaguzi ajapo, akimwuliza mfungwa mbele ya askari, "Una lalamiko?" mfungwa hukumbuka kwamba mkaguzi ataondoka jioni na askari atabaki. Basi hujibu, "Sina, bwana."

Tangu 2001 tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ruhusa ya kuyazuru magereza. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ziitwazo za Nelson Mandela: mfungwa apate nafasi ya kulalamika kila siku, ajibiwe bila kukawia, wala asidhuriwe kwa sababu amelalamika. Ni maneno mema. Lakini yatatimizwa na nani, kama si na sisi tushikao kalamu na mihuri?

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, kila lalamiko liandikwe daftarini siku ile ile, kwa namba na tarehe, na mfungwa apewe namba yake. Pili, lisipitie mikononi mwa yule anayelalamikiwa. Yeye aulizwe baadaye, kwa maandishi. Tatu, ndugu wa mfungwa akija dirishani na namba hiyo, aonyeshwe barua imefika wapi na iko mezani kwa nani.

Wengine watasema kwamba wafungwa ni waongo. Wamo waongo, kama walivyomo miongoni mwetu. Lakini uongo hujulikana kwa kuchunguzwa, na barua isiyoandikwa daftarini haichunguzwi na mtu.

Mzee yule alirudi kwao bila jibu. Naomba asitokee mwingine wa kuondoka hivyo madirishani petu.