Ana na Hana: Jina Moja, Maandishi Mawili

   Fungueni daftari na kushika kalamu. Ye yote ambaye hakusikia vizuri redioni atasoma maneno yangu katika karatasi hii, pole pole.

Andikeni: Mama Ana ana kalamu. Chini yake andikeni: Mama Hana hana kalamu.

Sasa someni kwa sauti. Umesikia neno lile lile mara mbili, lakini macho yanaona tofauti. Jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, hata likiwa katikati ya maneno. Ukiandika "mama hana", msomaji atangoja aambiwe mama huyo amekosa nini. Ukiandika "Mama Hana", atajua kwamba umemtaja mtu.

Ajabu ni hii. Katika Kiswahili, ana na hana ni maneno yanayopingana. Lakini Ana na Hana, majina ya watu, ni jina moja. Asili yake ni Kiebrania, lugha ya Wayahudi wa kale, na maana yake ni neema, yaani fadhili mtu anayopewa bila kuilipia.

Basi herufi h ilipotelea wapi? Katika Kiebrania jina hili lilianza kwa sauti itokayo kooni, kama h nzito ambayo Mwarabu huitamka katikati ya jina Muhammad. Wayunani hawakuwa na herufi ya sauti hiyo. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, vitabu vya Wayahudi vilipotafsiriwa kwa Kiyunani, waliandika Anna tu. Warumi wakalipokea hivyo, na watu wa Ulaya baada yao.

Ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 ina majina yote mawili. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli yumo Hana, mwanamke aliyelia kwa kukosa mtoto, kisha akamzaa Samweli. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiebrania. Katika Injili ya Luka yumo Ana, nabii mjane aliyekuwa mzee sana. Luka aliandika kwa Kiyunani. Mama yake Mariamu naye huitwa Ana katika maandiko ya kale ya Wakristo, ingawa Biblia haimtaji. Kurani humtaja kuwa mke wa Imrani, bila jina. Wafasiri wa Kiislamu humwita Hana.

Tena tazameni jina Yohana. Funikeni herufi mbili za kwanza kwa kidole. Mnaona nini? Ni neno lile lile: Mungu amefadhili.

Huku kwetu jina hili lilikuja na misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Wajerumani wa misheni ya Berlin walifika Unyakyusa mwaka huo huo, kisha wakaenea mpaka Ubena na Uhehe. Wakatoliki nao wakajenga Tosamaganga, karibu na Iringa. Msichana aliyebatizwa aliandikwa kitabuni kwa jina jipya, na jina Ana ni fupi, halimpi mtu taabu kulitamka. Lakini maana yake haikuhitaji kutoka mbali. Wanyakyusa wanalo jina Ipyana, nalo ni neema vile vile. Na wasichana wangapi leo huitwa Neema!

Mashuhuri kwetu ni mama wa Njombe, mji uliokuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012. Mama Makinda alizaliwa tarehe 26 Julai 1949. Tarehe hiyo katika kalenda ya Kanisa Katoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Anna. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, akakaa mpaka 2015. Mwaka 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa ya Watu na Makazi. Someni habari zake magazetini: huku ameandikwa Anna, kule Anne. Kila mtu anamfahamu, kwa hiyo hakuna anayepotea.

Wewe na mimi hatufahamiki hivyo. Tuseme mama mmoja wa Mafinga ameandikwa Ana katika cheti cha ubatizo. Shuleni mwalimu akaandika Anna. Siku ya kuandikishwa kupiga kura, karani akasikia Hana, akaandika Hana. Mama hakujua kusoma, hakuweza kumzuia. Mume wake akifa, naye akienda kudai haki yake, karani hamwoni mama mmoja mbele yake. Anaona watu watatu katika karatasi. Mama atarudishwa nyumbani akatafute hati ya kiapo, na nauli ni yake. Mimi sioni jina lipi kati ya hayo ni kosa. Kosa ni kuyatumia yote matatu.

Basi kazi ya juma hili. Toeni vyeti na vitambulisho vyote vilivyomo nyumbani. Tazameni jina lako, la mkeo au mumeo, na la kila mtoto, herufi kwa herufi. Liandikeni daftarini kama lilivyo katika kila karatasi. Mahali majina yasipolingana, pigeni mstari chini yake, mkamwonyeshe mwalimu wenu wa darasa.