Kabla Hujanunua Mashine ya Kuonea Samaki

Mazungumzo ya afisa wa uvuvi na wanachama wa BMU, pwani ya kusini ya Kwale



Siku hizi ninapopita bandarini sisimamishwi tena kwa habari ya leseni. Naulizwa, "Afisa, nichukue mashine gani ya kuonea samaki?" Nitajibu, ila kwanza tuelewane mashine hiyo hufanya nini, maana muuzaji dukani hana haja ya kukueleza.

Wazee wetu walitia bildi wakasoma pima. Mashine hii nayo ni bildi, lakini ya sauti. Kipande chake cha chini, kile kinachokaa majini na kuitwa transdusa, hupiga mlio ambao sikio halisikii. Mlio hushuka kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, hugonga chini, hurudi. Mashine huhesabu muda, ikakupa kina. Mlio ukigonga kitu njiani, kitu hicho nacho huonekana. Mashine za kawaida hazioni mbele ya omo wala ubavuni, zinaona chini ya chombo tu. Tena ile picha ya mwisho upande wa kulia ndiyo ya sasa hivi. Yote yaliyo kushoto ni maji mliyokwisha kuyapita, na samaki wa huko pengine walishaondoka.

Samaki wenyewe hawaonekani sawasawa. Kinachorudisha mlio vizuri ni kibofu cha hewa kilicho tumboni. Chewa anacho, changu anacho. Nguru hana, sehewa hana, papa hana. Kwa hivyo kama riziki yako ni kuburuta mshipi ukitafuta nguru, usitarajie kumwona nguru kwenye kioo kama unavyomwona chewa. Utaona kundi la samaki wadogo anaowafuata, na utaona ukingo wa mwamba anapopita. Hilo pia ni jambo, lakini lijue kabla hujatoa pesa. Anayefaidi zaidi ni mvuvi wa mshipi wa maji makuu. Mwenye madema ndani ya mwamba, maji ya mita tano, mimi namwambia wazi: pesa hizo tia kwenye chombo au ada ya shule.

Sasa ukiwa dukani, tazama masafa ya mlio. Mengi yameandikwa kilohezi 50 na 200. Mlio wa 200 ni mwembamba na picha yake ni safi, unafaa maji ya kadiri. Kwenye kina cha mita 30, yaani pima 16 na kitu, unamulika duara la yapata mita 10 tu. Mlio wa 50 hutanuka zaidi na hufika mbali chini, lakini picha si kali. Nyinyi wa Shimoni na Vanga mnajua jinsi chini inavyoporomoka mkielekea mkondo wa Pemba, mamia ya mita. Huko 200 peke yake haitoshi. Mashine zilizoandikwa CHIRP hupiga mlio unaopitia masafa mengi mfululizo na hutenganisha samaki vizuri zaidi. Ukiweza, chukua hiyo.

Pesa zikibaki za kuongeza kitu kimoja tu, usiongeze ukubwa wa kioo, chukua yenye GPS. Kusi likivuma na mvua ikafunika nchi kavu, alama zako za mlima na mnazi hazionekani, na hapo ndipo watu hupotea. Itakuonyesha pia umefika wapi karibu na hifadhi ya Kisite, ambako uvuvi hauruhusiwi, na karibu na mpaka wa Tanzania. Jaketi okozi bado uvae.

Transdusa usiifunge karibu na rafadha, kwa sababu povu huziba mlio. Kwenye boti ya faiba iliyo ngumu bila hewa ndani unaweza kuigandisha kwa ndani, mlio ukapita. Mbao haipitishi. Na mashua zetu hupwelewa maji yakitoka, kwa hiyo kutoboa chini ni kuitafutia mwamba. Funga kwenye mti ubavuni, uinue mkirudi. Betri ni ya volti 12, weka fyuzi. Mashine ikila ampea moja, betri ya ampea-saa 12 kwa karatasi inakupa saa 12. Baharini hesabu sita.

Kuna jambo ambalo nalitilia uzito kuliko haya yote. Tajiri akikwambia, "Chukua mashine, utalipa kwa samaki," usiseme ndiyo palepale. Kilo atainunua kwa bei gani? Kwa miezi mingapi? Chombo kikipinduka, deni ni la nani? Majibu yaandikwe, na ofisi ya BMU ibaki na nakala. Mtu anaweza kuona samaki wengi zaidi kuliko mwaka jana na bado akarudi nyumbani na pesa kidogo zaidi. Kama hamna haraka, chombo kimoja katika kikundi kinunue, wengine mtazame msimu mmoja.

Na chewa. Chewa hukusanyika mahali pamoja kutaga mayai, na ukishapatia alama ya GPS mahali hapo, vyombo kumi vitafika kesho yake. Mkifanya hivyo siku chache mfululizo mmemaliza mbegu. Hili BMU ilipangie sheria yake mapema, kabla mashine hazijaenea.

Ukishanunua, safari ya kwanza usiende kuvua. Nenda juu ya mwamba unaoujua tangu utotoni, chagua kipimo cha pima kwenye mashine kama ndicho ulichozoea, tia na bildi ya kamba, ulinganishe. Pita juu ya mchanga, pita juu ya majani, pita juu ya jiwe, uone kila kimoja kinachora nini kwenye kioo. Asubuhi moja inatosha, na mafuta yake ni machache.