Martha na Maria Katika Nyumba Moja



Mwinjili Luka, katika sura ya kumi, anatuingiza katika nyumba ya ndugu wawili. Maria ameketi miguuni pa Bwana. Martha anahangaika na utumishi. Bwana anamsifu Maria. Nasi tunaoamka na kazi tele twajiuliza: je, Martha hana fungu?

Swali hilo limewasumbua hata watawa. Mwaka 1610, mjini Annecy, Mtakatifu Fransisko wa Sales na Mtakatifu Yoana wa Chantal walianzisha shirika la wanawake wa sala, ambao pia waliwatembelea wagonjwa majumbani. Lakini baada ya Mtaguso wa Trento, sheria ya Kanisa iliwadai watawa wa kike wakae ndani ya ugo. Mwaka 1618 shirika hilo likawa la watawa wa ndani. Sala yao iliendelea kuzaa matunda, ila mgonjwa hakusikia tena hatua zao mlangoni.

Mwaka 1633, mjini Paris, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Mtakatifu Luisa wa Marillac walianzisha Mabinti wa Upendo. Ili ugo usiwafunge, hawakutaka waitwe watawa. Walifundishwa kwamba nyumba za wagonjwa ndizo monasteri yao, na barabara za mji ndizo ugo wao. Maskini akibisha hodi wakati wa sala, waende bila wasiwasi, kwani Mungu waliyemwacha kanisani watamkuta kitandani pa mgonjwa.

Hata hivyo, tusisahau jambo moja: mabinti hao waliamka saa kumi alfajiri wapate kusali kabla ya kazi. Hawakuichagua barabara ili kuikimbia sala. Waliibeba sala barabarani.

Ndugu zangu, Bwana hakumkemea Martha kwa sababu ya kutumikia, bali kwa sababu ya kusumbuka. Mama aliyeiweka kando rozari ili amnyweshe mgonjwa uji hajamwacha Mungu. Lakini sisi tusioketi kamwe miguuni pake, siku moja tutambeba mgonjwa kama mzigo, wala hatutamtambua Kristo ndani yake.

Basi, kesho kabla ya kushika jembe, kalamu au sufuria, tuketi kwanza kitambo kidogo mbele ya Bwana. Kisha tuinuke, twende. Amina.