Midomo Mitatu, Sauti Moja

Natumai nyote mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno manne ya somo la leo. Maneno yenyewe ni haya: stesheni, kuungana, kuachana, shahidi. Yasomeni kwa sauti, kisha nisikilizeni.

Nitaanza kwa kisa. Siku moja nilikwenda kukagua darasa letu la upande wa Kizimkazi, Kusini Unguja. Mama mmoja alichelewa kufika, na alipoingia tulimwona ana huzuni. Tukamwuliza, "Kulikoni, bibi?" Akajibu, "Mwanangu kapoteza nyavu zake zote baharini, na mwenyewe kaponea chupuchupu." Tukampa pole. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Na mimi ndiye niliyemwambia aende. Jirani mmoja aliniambia kasikia redioni kuwa bahari itakuwa shwari. Wa pili kasikia hivyo hivyo katika redio nyingine. Na wa tatu kasikia katika redio ya tatu. Nikasema moyoni, mashahidi watatu hawawezi kukosea."

Je, mashahidi wale walikuwa watatu kweli? Tulichunguza, tukaona sivyo. Redio zile zilikuwa za watu binafsi, kila moja na jina lake na nyimbo zake. Lakini ilipofika saa 2 za usiku, zote ziliungana na stesheni moja kubwa, zikatoa taarifa ile ile, iliyosomwa na mtu yule yule. Na msomaji huyo alitaja bahari ya mwambao wa Dar es Salaam. Kizimkazi hakuitaja. Midomo ilikuwa mitatu, sauti ilikuwa moja. Hakuna aliyesema uwongo. Sisi wasikilizaji ndio tuliohesabu vibaya.

Sasa tuelewe maana ya kuungana. Stesheni ndogo inapoungana na kubwa, huacha kwa muda kutoa matangazo yake na kupitisha matangazo ya mwenzake. Ni kama nyumba inayovuta maji kwa mpira kutoka mfereji wa jirani. Ndoo ni yako, lakini maji ni ya jirani.

Kwa nini stesheni hufanya hivyo? Sababu ya kwanza ni gharama. Kupata habari kunataka watu wa kuzitafuta, gari, mafuta, simu na mishahara. Stesheni changa haina fedha hizo. Sababu ya pili ni sheria. Huko Bara liliwekwa sharti kwamba redio za watu binafsi ziungane na redio ya umma kwa habari za saa 2 za usiku.

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza mambo haya, maana redio ilikuwa moja tu. Hapa kwetu Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na matangazo yake yakawa yanatoka Raha Leo. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, aliyekishika kipaza sauti cha Raha Leo ndiye aliyesikika kisiwa kizima. Baadaye stesheni hiyo ikaitwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na mwaka 2013 likaundwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, yaani ZBC. Bara nako palikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994. Hapa Zanzibar sheria ya Tume ya Utangazaji ilipitishwa mwaka 1997, na baadaye redio za watu binafsi zikafunguliwa hata Mjini.

Redio moja ilikuwa na faida yake. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitangaza mafunzo ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa kwa vikundi vijijini, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walioshiriki walikadiriwa kuwa kama milioni 2. Kazi ya namna hiyo ni ngumu pale kila stesheni inaposema lake.

Je, stesheni zikiachana na ile kubwa, huwaje? Twende mbali kidogo, mpaka Kanada. Nchi ile ni kubwa mno, na miji yake mingi iko mbalimbali. Shirika la utangazaji la taifa, linaloitwa CBC, lilianzishwa mwaka 1936. Halikuwa na mitambo ya kutosha kufika kila mji, basi likashirikiana na stesheni za watu binafsi. Mwaka 1944 lilianzisha mtandao wa pili wa redio, ulioitwa Dominion. Katika mtandao huo shirika lilikuwa na stesheni yake moja tu, huko Toronto. Nyingine zote, zaidi ya 30, zilikuwa za watu binafsi. Mwaka 1962 mtandao huo ulivunjwa. Televisheni ilikuwa imekwisha wavuta watu wengi. Miaka iliyofuata shirika liliendelea kujenga mitambo yake, na stesheni za watu binafsi zikaachana nalo moja baada ya moja.

Kuachana kuna pande mbili. Stesheni iliyoachana hupata saa zake zote. Yaweza kueleza habari za mji wake, soko lake na bahari yake. Lakini lazima sasa ichote maji yake yenyewe. Ikiwa haina fedha wala watu wa kutafuta habari, itajaza saa zile kwa nyimbo na matangazo ya biashara, au itaungana na jirani mwingine.

Na jirani naye aweza kufunga mfereji bila kukuuliza. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani iliamuru shirika linalosimamia Sauti ya Amerika lipunguzwe. Idhaa ya Kiswahili nayo ikanyamaza. Redio za Afrika Mashariki zilizokuwa zikiungana nayo zikajikuta na saa tupu. Asiyechimba kisima chake hana la kulalamika mfereji ukikauka.

Basi wewe msikilizaji, ukisikia habari inayoweza kukugusa wewe, watoto wako au kazi yako, jiulize maswali matatu. La kwanza: nani aliyeitengeneza habari hii? La pili: inahusu mahali gani? La tatu: ikiwa nimeisikia katika redio nyingine pia, je, redio hiyo imeipata kwake au imeungana? Kwa habari za bahari, mwenye kutabiri ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, nayo hutaja maeneo kwa majina. Usikubali utabiri mpaka umesikia jina la Unguja.

Yule mama wa Kizimkazi aliendelea na darasa mpaka akajua kusoma. Siku hizi jirani akimletea habari ya redio, humwuliza kwanza, "Umeisikia saa ngapi?" Wakimjia watatu, na wote wakisema saa 2 za usiku, huandika katika daftari lake: shahidi mmoja.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kwa siku tatu, sikiliza habari za saa 2 za usiku katika redio mbili. Andika jina la kila redio, na kama ilisema inaungana na nyingine. Kisha andika habari moja iliyohusu kijiji chako au mtaa wako. Ukikosa hata moja, andika hivyo pia, kisha mlete darasani mjadiliane.

Somo letu linaishia hapa. Kwaherini.