Nyumba Isiyo na Mtoto

Leo twanena juu ya utasa. Katika Mkuyuni na milima yote ya Uluguru, desturi ya Waluguru ni kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mke asipozaa, huzuni si ya nyumba yake tu, bali ni ya ukoo mzima, na lawama zote humwangukia yeye.

Lawama hizo si za haki. Karibu nusu ya mara zote, kasoro huonekana kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mwanamume aweza kuwa na nguvu, na huku mbegu zake ni chache au dhaifu. Huenda aliugua matubwitubwi ukubwani yakashuka mapumbuni, au mishipa ya mapumbu imevimba. Tumbako nayo hudhuru mbegu.

Kwa mwanamke, pengine mayai hayapevuki. Pengine mirija ya uzazi imeziba. Kisonono na klamidia huziba mirija hiyo, nazo mara nyingi hukaa mwilini mwake bila maumivu yoyote. Vivyo hivyo uchafu uingiao baada ya kuzaa au kutoa mimba kwa njia ya hatari.

Basi mke na mume wakikaa mwaka 1 bila kupata mimba, na waende hospitali. Ikiwa mke amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Mbegu za mume na zipimwe mapema, kwani kipimo hicho ni chepesi. Ugonjwa wa zinaa ukionekana, watibiwe wote wawili pamoja. Dawa huua ugonjwa, lakini haiondoi makovu. Ndiyo sababu kuchelewa ni hasara.

Viko vidonge vya kupevusha mayai, na uko upasuaji. Tena yai na mbegu zaweza kukutanishwa nje ya mwili, kisha kurudishwa tumboni. Hivyo alizaliwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata Dar es Salaam, ila gharama yake ni kubwa, wala haifaulu kila mara.

Basi, bwana, usimtume mkeo peke yake. Fuataneni.