Somo la Kiingereza: Neno HARM

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni HARM. Hutamkwa "haam", na maana yake ni madhara.

Neno hili hutiwa mkia. Likitiwa FUL huwa HARMFUL, yaani chenye madhara. Likitiwa LESS huwa HARMLESS, yaani kisicho na madhara. Mwanzo ni mmoja. Tofauti iko mkiani. Basi asomaye nusu ya neno hajui bado kama pana hatari au pana salama.

Tazameni chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Huenda imeandikwa HARMFUL IF SWALLOWED, maana yake, ina madhara ikimezwa. Mkiona FATAL mahali pa HARMFUL, jueni kwamba ikimezwa inaweza kuua. Kwa hiyo msiimimine dawa hiyo katika chupa ya soda. Chupa ya soda haina onyo hilo, na mtoto mwenye kiu haulizi.

Kazi ya nyumbani: someni maandishi ya kila chupa na kopo la dawa mlilo nalo, mpaka mwisho wa neno. Nakilini maneno ya hatari mtakayoyaona. Kwa herini.